Konyeza wa Pembetatu ya Kusini na Vigogo Wenzake

Mahurunga, mkoani Mtwara, karibu na mto Ruvuma unapomwaga maji baharini, iko nyuzi 10 na nusu hivi kusini mwa ikweta. Kwa mfuatiliaji wa rekodi za angani hiyo ni bahati. Mashuke, kundi kubwa la galaksi lililo karibu nasi kuliko mengine, hupita juu upande wa kaskazini. La Tanuri hupita juu upande wa kusini. Mkazi wa Stockholm hilo la pili halioni kabisa.

Rekodi ya macho matupu ni ya Andromeda. Hakuna kitu cha mbali zaidi ambacho watu wengi hukiona bila darubini: miaka ya nuru milioni 2.5. Itafute Novemba, upande wa kaskazini, saa tatu usiku.

Kuanzia hapo ni kazi ya darubini. Mashuke ina galaksi zaidi ya elfu moja, na mojawapo ni M100, yenye mikono miwili mikubwa iliyojipinda. Mwaka 1994 timu ya Wendy Freedman ilitumia darubini ya Hubble kufuatilia nyota za humo ambazo mwanga wake hupanda na kushuka kwa vipindi maalumu. Wakapata umbali wa miaka ya nuru milioni 56, na kwa umbali huo wakakadiria ulimwengu unatanuka kwa kasi gani.

Ukubwa je? Mwaka 2013 taji la galaksi zenye mikono lilienda kwa NGC 6872 ya kundinyota la Tausi: zaidi ya miaka ya nuru 522,000 toka ncha hadi ncha, mikono ikiwa imevutwa na jirani yake mdogo. Lakini Malin 1, hafifu kama moshi, hutajwa kufika 650,000. Mimi taji hili siliamini sana; humfuata yeyote aliyepiga picha iliyonasa mwanga hafifu zaidi.

Galaksi iliyoteseka kuliko zote kwangu ni ESO 137-001, katika kundinyota la Pembetatu ya Kusini, miaka ya nuru milioni 220 kutoka kwetu. Julai, kusi ikivuma, eneo lake huwa juu ya upeo wa kusini. Wanaastronomia huiita konyeza, na wavuvi wa Msimbati wangekubali wakiona picha: mwili mbele, nyuzi zikibururwa nyuma. Inatumbukia katikati ya kundi lake kwa kasi ya kutisha, na gesi iliyojaa kati ya galaksi inakwangua gesi ya galaksi hiyo. Mkia wake unaoonekana kwa eksirei una urefu wa miaka ya nuru 260,000, na ndani ya mkia huo nyota mpya zinazaliwa, nje kabisa ya nyumba yao. Gesi ikishakwisha, galaksi haina tena cha kuundia nyota, mikono itafifia.

Mtwara habari za gesi si ngeni, ila hii iliyojaa kati ya galaksi ina joto la mamilioni ya nyuzi, na mwanzo wa kuijua uko pwani yetu hii hii. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kutazama anga kwa eksirei, nayo ikapewa jina Uhuru. Ndiyo iliyoonyesha kwamba katika makundi kama la Coma eksirei hazitoki kwenye galaksi mojamoja tu, bali zimetapakaa kundi zima. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobel mwaka 2002.

Rekodi nyingine, ya kutambua nyota mojamoja, ipo nyuma ya Abell 370, kundi la galaksi linalopita karibu utosini pa Mahurunga. Mvutano wake hukuza na kupinda taswira ya galaksi iliyo nyuma yake, yenye mikono pia, ambayo nuru yake imesafiri miaka bilioni 6.5. Ndani ya galaksi hiyo, kwa picha za darubini ya Webb, watafiti walitangaza mwaka 2025 kwamba wametambua nyota 44, mojamoja.