Mamlaka ya Msimamizi katika Linux: Athari ya Herufi Moja

Makala haya yanakusudia kufafanua tatizo linalowakumba mara kwa mara watumiaji wa Linux, hususan wa Ubuntu: mtu aliyekuwa msimamizi wa kompyuta hukuta ghafla kwamba amri ya sudo haimkubali tena. Ujumbe unaotokea husema kuwa jina lake halimo katika faili la sudoers. Wengi hudhani wamekosea neno la siri, wakaliandika tena na tena. Sivyo. Neno la siri huthibitisha kuwa mtu ndiye. Haki ya kuamuru, aghalabu, hutokana na uanachama wake katika kikundi maalumu. Katika Ubuntu kikundi hicho huitwa sudo. Katika Fedora huitwa wheel.

Uanachama huo hupotea vipi? Mara nyingi ni kwa amri ya usermod -G, ambayo mtu huitumia akikusudia kujiongeza katika kikundi kingine. Amri hiyo haiongezi. Huandika orodha upya, na vikundi vya ziada visivyotajwa humtoka. Anayetaka kuongeza sharti aandike -aG. Kwa mwanaisimu, a hii haina ugeni. Hata kwetu, sauti moja ndiyo inayotenga alipiga na alipigwa, na mtenda akageuka mtendwa.

Mwandishi aliwahi kuiacha herufi hiyo katika kompyuta yenye rekodi za masimulizi ya wazee, ambazo zilikuwa hazijanakiliwa kwingine. Fundi mmoja alishauri mfumo mzima uwekwe upya. Ushauri huo ungefuta diski, na baadhi ya wazee hao walikwisha kufariki.

Hapakuwa na haja hiyo. Ni kweli kwamba akaunti ya root katika Ubuntu hufungwa tangu mwanzo, hivyo amri ya su haisaidii. Lakini kompyuta ikiwashwa upya na menyu ya GRUB ikaitwa kwa kitufe cha Shift au Esc, huweza kuchaguliwa hali ya uokoaji, kisha root. Hapo diski husomeka tu. Kwanza huandikwa mount -o remount,rw / na baadaye usermod -aG sudo, likifuatiwa na jina la mtumiaji. Baada ya kuwasha tena, amri ya groups pamoja na jina hilo itaonyesha kama sudo imerejea. Ikiwa kikundi kimo na kosa bado lipo, faili la sudoers lichunguzwe kwa visudo, ambayo hukagua sintaksia kabla ya kuhifadhi.

Msomaji atakuwa ameng'amua kwamba mlango huu humfungukia yeyote aliyeketi mbele ya kompyuta, isipokuwa diski iwe imesimbwa.