Shamba la Marabo kwenye klaudi

Kuna swali ninalolipata sana: mtu wa Marabo mwenye ordinatere ndogo na mega za kununua anaweza kweli kufanya utafiti kwa picha za satelaiti? Anaweza. Ila ajue kwanza kazi inafanyikia wapi.

Tufanye hesabu. Satelaiti mbili za Ulaya, Sentinel-2, zinapita juu yetu kila siku 5, yaani kama mara 73 kwa mwaka. Picha moja ya eneo la kilometa 100 kwa 100 inakaribia giga moja. Ukitaka kuona misitu na mashamba ya kando ya barabara ya Bunia–Komanda yalivyobadilika kwa mwaka mmoja tu, uko na giga kama 70 za kushusha. Nani atalipa hizo mega?

Kwenye klaudi, picha zinabaki kwenye mashine kubwa huko mbali. Wewe unatuma maagizo, unapokea jibu. Ramani ya dunia nzima ya upotevu wa misitu, iliyotolewa mwaka 2013 na timu ya Chuo Kikuu cha Maryland, ilifanywa hivyo ndani ya Google Earth Engine: kazi ya miaka 15 kwa ordinatere moja iliisha kwa siku chache. Chombo hicho hicho ni bure kwa masomo. Kuna pia Sandbox ya Digital Earth Africa, nayo ya bure.

Sasa hapa ndipo wengi wanakwama. Earth Engine inakata hesabu ya kwenye skrini baada ya dakika 5. Lakini ukiituma kama kazi ya kusafirisha matokeo, inaendelea hata ukifunga kila kitu. Kwetu hiyo iko dawa kabisa: unatuma jioni koneksio ikiwa nzuri, unazima, asubuhi unaangalia. Sandbox ni tofauti. Ukikaa muda bila kugusa kitu, inajifunga. Faili ulizohifadhi zinabaki, ila yaliyokuwa kwenye RAM yanapotea. Kwa hiyo andika matokeo kwenye faili kila hatua. Na RAM yenyewe ni giga 16: anza na mraba mdogo na mwezi mmoja, ukiona inakubali ndipo uongeze.

Andika pia majina na matoleo ya maktaba za Python unazotumia. Huko juu wanabadilisha programu bila kukuuliza, na kodi iliyotembea mwezi wa tatu inaweza kugoma wiki ile ya kutetea TFC yako. Nakala ya kodi iweke kwenye Git. Inakula mega kidogo sana.

Mawingu yale ya kweli, ya mvua, nayo yanaficha ardhi ya Ituri. Hapo tumia Sentinel-1, rada inayopenya mawingu na kuona hata usiku.

Jambo la mwisho ni zito kwa mkoa wetu. Faili unazopandisha Earth Engine ni za siri mpaka uzifungue mwenyewe. Lakini ukichora pointi za kambi ya wakimbizi wa ndani, au za shimo la dhahabu, kisha ukamtumia mtu linki ya kodi, pointi zinakwenda na linki. Mimi pointi naziweka kwenye faili ya peke yake, na kodi ninayogawa iko na mraba mkubwa wa eneo tu.