Simu Haipimi Ugonjwa

Siku hizi simu imefika mpaka vijijini. Mtu akikosa usingizi, huuliza simu. Simu humtajia ugonjwa wa akili, naye huamini kwamba anao.

Ndugu msomaji, tuseme binti yako anakuambia: "Mama, nimesoma kwenye simu. Nina sonona." Sonona ni ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Utafanya nini?

Kwanza, usimcheke. Ukimcheka atanyamaza. Kama ni mgonjwa kweli, ugonjwa utazidi.

Pili, usikubali upesi. Dalili moja huweza kuwa ya magonjwa mengi. Upungufu wa damu huleta uchovu, na sonona pia huleta uchovu. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka na usingizi hupotea. Mtu hudhani ni ugonjwa wa wasiwasi. Mganga hupima damu ili ajue.

Tena, si kila huzuni ni ugonjwa. Aliyefiwa hulia. Aliyekosa mavuno hukosa usingizi. Mganga hufikiria sonona kama dalili zimedumu karibu kila siku kwa majuma 2 au zaidi, na zinamzuia mtu kufanya kazi zake.

Tatu, muulize kwa upole. Nini kinakusumbua? Tangu lini? Unakula? Unalala? Unaweza kwenda shambani? Sikiliza majibu bila kumkatiza.

Nne, nendeni pamoja zahanati au kituo cha afya. Amweleze mganga dalili zake zote, siyo jina la ugonjwa tu. Asinunue dawa kwa kufuata maneno ya simu. Na kama mganga alikwisha kumpa dawa, asiziache kabla ya kumwuliza.

Akisema amechoka kuishi, usingoje kesho. Muulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo, bali humpa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake. Ondoa nyumbani dawa za kuulia wadudu. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Magonjwa ya akili yanatibiwa kama magonjwa mengine. Anayesema anaumwa anastahili kusikilizwa, kisha apimwe.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini si vizuri kumcheka anayesema anaumwa akili?
2. Taja ugonjwa wa mwili unaoweza kufanana na ugonjwa wa akili.
3. Utafanya nini mtu akisema amechoka kuishi?