Mtoto wa mchimbaji mbele ya munganga: mlango wa kwanza wa kuwa rubani wa jeshi

Watu wa Walikale wanakumbuka vizuri barabara ya Kilambo. Kabla ya mwaka 2010, kasiterite ya Bisie ilikuwa inashuka mgongoni mwa watu, gunia la kilo 50, kupitia pori mpaka Njingala. Kutoka pale inapelekwa Kilambo, na Kilambo ndege ndogo zilikuwa zinatua kwenye lami ya barabara yenyewe. Magari na pikipiki yanasimamishwa, ndege inashuka, inabeba mawe, inarudi Goma. Watoto walikaa pembeni ya barabara kuangalia. Ndiyo ilikuwa sinema yao.

Mmoja wa watoto wale leo ana miaka 22. Baba yake ni mchimbaji, mwanachama wa sindika yetu. Hatutaji jina lake, kwa sababu mambo ya mwili wa mtu ni yake. Tokea udogo alisema neno moja: «Mimi nitaendesha ndege, tena ya jeshi.» Alisoma hesabu na fizika, akapata diplome ya Leta. Mwaka 2024 akaja kwa komite yetu pamoja na mzazi wake. Walikuwa wameuza mbuzi wawili. Sisi nasi tukachanga, kila mmoja kwa nguvu yake, ili aende Goma kupimwa mwili kabla ya kupeleka barua yake ya kuomba kazi.

Akarudi baada ya siku tisa. Macho mazuri, moyo mzuri, mapafu safi. Lakini sikio la kushoto lilikataa. Munganga alimfungia ndani ya kabine ndogo, akamvalisha vifaa vya kusikia, akamwambia: «Ukisikia sauti, bonyeza.» Kijana akangoja sauti. Munganga alikuwa ameshazipitisha nyingi.

Sababu haikuwa ugonjwa wa kuzaliwa. Akiwa na miaka 14, ili apate minervali ya shule, alikuwa anashika marto-pikeri ndani ya shimo wakati wa likizo. Likizo tatu, bila kitu chochote masikioni. Hakuna mtu alimwambia kwamba kelele ile inakula sikio polepole, na sikio likishakufa halirudi. Na tuseme ukweli: sisi wa sindika tulikuwepo, na sisi pia hatukumwambia.

Ndiyo maana tunaandika leo, ili mzazi mwingine asiuze mbuzi bila kujua mlango ambao mtoto wake anakwenda kugonga.

Munganga wa marubani anatafuta nini?

Kila jeshi lina kanuni zake, na mara nyingi ni kali kuliko za ndege za watu. Lakini orodha inafanana karibu dunia nzima. Kwa marubani wa raia, shirika la OACI limeweka kipimo cha chini. Asiyefika pale asitegemee kufika kwa jeshi.

Macho ni ya kwanza. Kwa rubani wa kazi, OACI inataka kila jicho lifike 6/9, hata kwa msaada wa miwani. Maana yake, kile ambacho mtu wa macho mazima anakisoma kwa metre 9, wewe ukisome kwa metre 6. Majeshi mengi yanaangalia pia jicho bila miwani, na hapo wengi wanaangukia. Halafu kuna rangi. Unaonyeshwa kitabu chenye vitone vya rangi, na katikati mmejificha namba. Kitabu kile kilitengenezwa na munganga Mjapani, Shinobu Ishihara, mwaka 1917, kwa ajili ya kuwapima vijana wa jeshi la kwao. Asiyetofautisha nyekundu na kijani hataiona namba. Hali hii mtoto anaipata kwa mama yake, hata kama mama mwenyewe anaona vizuri, na inashika wavulana zaidi kuliko wasichana. Mtu anaweza kuishi miaka 20 bila kujua kama anayo.

Masikio ni ya pili. Kwa sauti za kawaida za mazungumzo, OACI haikubali upungufu wa zaidi ya desibeli 35. Kwa sauti nyembamba, za 3000 Hz, mpaka ni desibeli 50. Kelele ya mashine na ya baruti inaanza kuharibu sauti hizi nyembamba, kwa hiyo mtu anasikia watu wakiongea na anafikiri yuko mzima. Tena si kelele peke yake. Sindano za streptomisini na jentamisini, ambazo watu kwenye kambi za migodi wanajinunulia farmasi na kujidunga ovyo, zinaweza kuua sikio. Sindano ile haipaswi kupigwa bila munganga.

Mapafu ni ya tatu. Kifua kinapigwa radio. Kifua kikuu kinachoendelea kinafunga mlango. Lakini kifua kikuu kilichotibiwa mpaka mwisho, kikapona na kuacha alama tu, si lazima kikufukuze, munganga anaangalia kwanza. Kwa hiyo anayekohoa wiki mbili aende santre ya afya. Dawa za kifua kikuu ni za bure, na kwa kawaida zinamezwa miezi sita bila kuruka siku. Weka karatasi zako zote za matibabu. Karatasi ile siku moja itakutetea.

Damu ni ya nne, na hapa sisi Wakongo tunahusika sana. Kuna mwenye ugonjwa wa drepanositoze, tunaoandika SS, na kuna mwenye kubeba tu upande mmoja, AS, ambaye haumwi. Mwenye SS hawezi kuwa rubani, kwa sababu kule juu hewa ni haba na damu yake inateseka. Lakini mwenye AS? Huko Marekani, shule kuu ya jeshi la anga iliwafungia mlango watu wa AS kwa miaka mingi, na waliofungiwa walikuwa karibu wote watu weusi. Vijana wakapeleka neno mahakamani, na mwaka 1981 kanuni ile ikaondolewa. Tunaisema habari hii kwa sababu inafundisha jambo moja: kipimo cha munganga kinaweza kuwa cha haki, na kinaweza pia kuwa ukuta uliojengwa na watu. Ukuta wa watu, watu wanaweza kuuangusha.

Kisha yanakuja moyo, mkojo, sukari, meno na uti wa mgongo. Rubani wa ndege ya vita anakalia kiti kinachoweza kumrusha nje ndani ya nukta moja, na mgongo mbovu unavunjika pale. Kijana aliyebeba magunia ya kilo 50 tokea utoto afikirie jambo hili. Wanauliza pia kuhusu kifafa. Mtoto aliyepata malaria ya ubongo na kuanguka degedege, wazazi wake wasifiche. Waeleze tarehe, na kama hali ile ilirudi tena baadaye.

Halafu urefu. Wanapima urefu wa kusimama, urefu wa kukaa, na miguu. Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kwenda angani mwaka 1961, alikuwa na metre 1 na santimetre 57 tu, na alikuwa rubani wa jeshi. Alipokuwa anajifunza, kutua kulimshinda karibu wamfukuze, mpaka alipowekewa mto juu ya kiti ili aone vizuri. Na jeshi la anga la Marekani mwaka 2020 liliondoa kanuni ya urefu wa kuanzia, likisema litapima kila mtu na ndege yake. Kwa hiyo mfupi asijikatae mwenyewe kabla hajapimwa.

Anzia kwa vipimo vya bei ndogo

Kosa letu na la familia ile lilikuwa moja: tulianzia mwisho. Tulilipa safari, chakula, radio ya kifua, kipimo cha moyo, halafu sikio ndilo likaangusha yote. Tungeanza hapa nyumbani. Santre nyingi za afya zina karatasi ya herufi ya kupima macho. Sikio linaweza kujaribiwa kwanza bila mashine: mtu asimame nyuma yako hatua chache, aseme maneno kwa sauti ya chini, sikio moja limezibwa. Si kipimo kamili, lakini kinakuonyesha kama kuna shida. Damu ya AS na SS ni ya kutoboa kidole au mkono. Yakipita haya, ndipo mbuzi auzwe.

Neno lingine: usimdanganye munganga. Kuna vijana wanaotafuta karatasi ya kununua. Rubani anapimwa tena na tena maisha yake yote ya kazi. Uongo wa siku ya kwanza utaonekana, na ukionekana ndege ikiwa angani, wanaokufa si wewe peke yako. Na mtu anayekuomba pesa ili «akupitishe» kwa kipimo, huyo ni mwizi.

Na sisi, nani anatupima?

Kijana wetu alipotusomea karatasi yake, wachimbaji wote walikaa kimya. Halafu muzee mmoja akasema: «Basi rubani anaangaliwa mwili mzima kabla ya kushika kazi. Mimi niko na miaka 26 ndani ya shimo, hakuna munganga ameshaweka sikio lake kwa kifua changu.»

Hapo njo penye maumivu. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka mfanyakazi apimwe na munganga kuona kama mwili wake unaiweza kazi. Lakini mchimbaji wa mkono hana mkataba, ana PDG wa shimo na koperative. Masisi, kule Rubaya, ni vumbi la koltani. Walikale ni vumbi la kasiterite. Ndani ya miamba ile kuna kwarzi, na vumbi lake likiingia mapafuni linaleta silikoze, ugonjwa usio na dawa, tena unaofungulia kifua kikuu njia.

Tunajua vita imekata barabara, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025. Tunajua pia wengi wenu mnasoma haya mkiwa kwenye kambi za wakimbizi. Lakini mambo matatu hayangoji amani. Koperative zinunue vizibo vya masikio na maski, wakate pesa ile kwa mauzo ya mawe. Kila mchimbaji apigwe radio ya kifua mara moja kwa mwaka pale inapopatikana. Na mtoto wa chini ya miaka 18 asiguse marto-pikeri, hata kwa likizo, hata kwa minervali. Pesa ya minervali tutafute pamoja.

Kijana wetu sasa anafundisha hesabu, na anauliza habari za kazi ya fundi wa ndege. Mdogo wake ana miaka 12, naye anaangalia juu kila ndege ikipita. Mama yao ameshatuambia: «Huyu hataingia ndani ya shimo, hata kama tutakula sombe mwaka muzima.»

Komite inakutana kila siku ya posho. Njooni na watoto, tuanzie kwa macho na masikio.