Jaguar XJR kuukuu: Bei rahisi yaficha bili ya gereji

Katika soko la magari yaliyotumika nchini Uingereza, si magari mengi yanayotoa mwendo na starehe kwa fedha kidogo kama Jaguar XJR ya V8. Lilipoanza kutoka kiwanda cha Browns Lane, Coventry, mwaka 1997, lilikuwa gari la wakurugenzi: viti vya ngozi, dashibodi ya mbao, injini ya lita 4.0 yenye supachaja na nguvu za farasi 370, na mwendo uliowekewa kikomo cha maili 155 kwa saa. Toleo la bodi ya alumini lilichukua nafasi yake mwaka 2003. Tangu hapo gari hilo limekuwa likishuka ngazi, kutoka kwa mkurugenzi hadi kwa meneja, na kutoka kwa meneja hadi kwa kijana apendaye mwendo.

Tatizo ni kwamba bei ya gari hushuka, lakini bei ya spea na ya saa ya fundi haishuki nayo. Mwenye gari wa nne hulitunza kwa bajeti ya gari dogo. Kila kazi anayoiahirisha ni deni, na deni hilo humhamia mnunuzi siku anapokabidhiwa ufunguo.

Deni zito zaidi limo ndani ya injini. Injini za AJ-V8, zilizotengenezwa Bridgend, Wales, zilianza na vikaza cheni vya plastiki, au tenshena kama mafundi wanavyoviita. Kazi yake ni kuibana cheni ya taimingi isilegee. Plastiki ikikaa miaka mingi kwenye oili ya moto hupasuka, cheni huruka meno, vali hugongana na pistoni, na injini imekwisha. Dalili ni mlio wa kuchakacha injini inapowashwa ikiwa baridi, ingawa vingine hupasuka bila kutoa taarifa yoyote. Vikaza vya chuma vilikuja baadaye, navyo hufungwa bila shida kwenye injini za awali. Mnunuzi asiyeonyeshwa stakabadhi ya kazi hiyo ahesabu kuwa haijafanywa, au ataka mfuniko wa juu wa injini ufunguliwe ajionee mwenyewe.

La pili ni kuta za silinda, na hapa soko lenyewe halijasoma hesabu vizuri. Injini za mwanzo hazikuwa na slivu za chuma. Kuta zake zilipakwa Nikasil, utando wa nikeli na silikoni kabaidi. Salfa iliyokuwa katika petroli ya miaka ile iliula utando huo, kompresheni ikashuka, na magari yakawa magumu kuwaka. BMW nayo ilipatwa na balaa hilo hilo. Mwaka 2000 Jaguar ilihamia kwenye slivu za chuma, na hadi leo wanunuzi wengi huyakwepa magari yaliyotangulia mabadiliko hayo. Lakini petroli nayo imebadilika. Kikomo cha salfa katika Umoja wa Ulaya kilikuwa sehemu 150 kwa milioni mwaka 2000, kikashuka hadi 50 mwaka 2005 na 10 mwaka 2009. Injini ya Nikasil inayopima kompresheni nzuri leo imekwishavuka kipindi kibaya. Anayelipia kipimo hicho kabla ya kununua anaweza kulipata gari zima kwa punguzo ambalo si haki yake.

Giaboksi ya XJR ilitoka Mercedes-Benz, aina ya 722.6 ya gia tano, wakati ndugu yake asiye na supachaja alipewa ya ZF. Mnunuzi wa siku zile aliambiwa oili yake ni ya maisha, bila kuelezwa ni maisha ya nani. ZF yenyewe hushauri oili ya giaboksi zake za otomatiki ibadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000. Habari njema ni kuwa ya Mercedes ilifungwa kwenye magari mengi sana, hivyo fundi wake si lazima awe mtaalamu wa Jaguar.

Pampu ya maji na nyumba ya thamostati nazo zilikuwa na plastiki, lakini kuzibadilisha ni kazi ndogo. Kutu si jambo dogo. Huanzia chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu na chini ya sakafu, na kuchomelea hula saa nyingi za fundi. Bahati ni kwamba historia ya ukaguzi wa kila mwaka, unaoitwa MOT, husomwa bure kwa namba ya gari tangu mwaka 2005. Gari lililoonywa kuhusu kutu miaka mitatu mfululizo limekwisha kujieleza.

Sasa hesabu. Tuseme mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani ananunua gari kwa pauni 3,000, analitengeneza kwa pauni 1,500 kabla ya kodi, na kuliuza kwa pauni 6,000. Chini ya utaratibu wa kutoza kodi kwenye tofauti ya bei, serikali huchukua sehemu moja ya sita ya pauni 3,000, yaani pauni 500. Gharama ya matengenezo haitolewi kwenye tofauti hiyo, ingawa kodi iliyomo katika bili ya gereji hudaiwa kando. Faida inayobaki ni pauni 1,000, kabla ya bima, matangazo na miezi ambayo mtaji umelala uani. Giaboksi moja ikikataa, faida hiyo haipo.

Wala kuuza si mwisho. Chini ya Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015, mteja aliyenunua kwa mfanyabiashara ana siku 30 za kulirudisha gari lenye kasoro. Kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita, kwa kawaida huhesabiwa kuwa ilikuwapo siku ya kuuza, na mwenye mzigo wa kuthibitisha vinginevyo ni muuzaji. Umri wa gari huzingatiwa, lakini cheni iliyokatika wiki ya tano ni vigumu kuitetea. Anayeuza gari lake binafsi hana mzigo huo, na ndiyo sababu baadhi ya magari yenye siri huuzwa kwa njia hiyo.

Kwa Mswahili anayeishi Uingereza biashara hii i wazi. Kuipeleka Mombasa ni jambo jingine: Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8.