«Saa nane» ama «masaa munane»? Dawa ya malaria kwenye dirisha la kituo cha afya

Kwenye vituo vingi vya afya vya Kivu ya Kusini hakuna daktari. Anayepima, anayeandika dawa na mara nyingi anayeitoa ni muuguzi, yule watu wanaita tu muganga. Daktari yuko kwenye hospitali kuu ya zone, na kufika kule ni pesa na njia. Kosa likifanyika dirishani, hakuna mwengine nyuma yake wa kulishika.

Mfano wa kila siku ni malaria ya mtoto. Dawa ya artemeteri na lumefantrini inakunywewa mara sita kwa siku tatu. Mtoto wa kilo 5 mpaka chini ya 15 anapewa kidonge kimoja kila mara. Wa kilo 15 mpaka chini ya 25 anapewa viwili. Ndiyo maana mzani unatangulia kalamu: miaka ya mtoto inaweza kudanganya, zaidi sana pale utapiamlo uko. Dozi ya pili inakuja masaa munane nyuma ya ile ya kwanza, kiisha ni asubui na mangaribi siku mbili zinazobaki.

Hapo matata inaanza. Muuguzi akisema «saa nane», mama anasikia saa nane ya mchana. Kama dozi ya kwanza ilitolewa saa tano ya asubui, mtoto atarudilia kisha masaa matatu tu. Lakini akisema «masaa munane» na kuhesabu pamoja na mama kwenye vidole, watafika saa moja ya mangaribi.

Bahasha nayo iko na mambo yake. «2 x 1»: mmoja anasoma kidonge kimoja mara mbili, mwengine vidonge viwili mara moja. Kuchora jua na mwezi, wauguzi wengine wanaona ni mchezo wa watoto, lakini mama asiyejua kusoma anaelewa mchoro ule.

Kiisha kuna jirani. Mtoto wake alikunywa mara moja kwa siku, akapona. Pengine ni kweli: artesunati na amodiakini inapewa hivyo, siku tatu. Ni dawa ingine. Mama asiyeambiwa jina ya dawa yake atamufuata jirani.

Artemeteri na lumefantrini inaingia muzuri mwilini ikiwa na chakula cha mafuta ao maziwa, hata ya mama; chai kavu haitoshi. Mtoto akitapika kabla ya nusu saa, anapewa tena dozi nzima. Basi dozi moja itapunguka, na mama ajue kwamba anaruhusiwa kurudi kuiomba. Siku ya pili homa inashuka, na vidonge vinavyobaki vinafichwa kwa ajili ya mtoto mwengine: hili lisemwe kabla mama hajaondoka.

Kwa kuhara, kifuko cha chumvi cha lita moja kinaharibika kwenye chupa kubwa ya Primus, ambayo ni santilita 72 tu. Maji yanakuwa na chumvi kupita kiasi.

Muuguzi akiuliza «Umesikia, mama?», jibu ni «Ndiyo, muganga», na mara nyingi ni heshima tu. Swali linalofaa ni hili: «Mama, ukifika nyumbani utamupa namna gani?» Kama anakosea, anaelezwa upya, tena anarudilia kusema. Dozi ya kwanza inapewa palepale, muuguzi akiangalia. Na mtoto akishindwa kunywa, akitapika kila kitu ao akishikwa na degedege, arudishwe mara moja, hata usiku.