KWA NINI TONE LA MVUA HALITUVUNJI KICHWA?

Baadhi yenu mnaosoma kidato cha tano na cha sita mmekuwa mkituuliza: hii milinganyo ya mabadiliko tunayoandikiwa ubaoni ina kazi gani kwa mtu wa Bariadi? Katika makala haya tutajaribu kujibu kwa vitu viwili ambavyo kila mtoto wa Simiyu anavijua, kisima na mvua.

Ieleweke kwanza kuwa mlinganyo wa kawaida hutafuta namba. Huu wa mabadiliko hautuambii kitu kiko wapi, bali unatuambia kinabadilikaje, na kazi yetu ni kutoka hapo mpaka tujue kilipo. Mvutano wa dunia ndio mfano mwepesi. Jiwe likiachiwa, kila sekunde inayopita linaongezewa mwendo wa mita 9.8 kwa sekunde. (Huku kwetu karibu na Ikweta ni pungufu kidogo, lakini si kiasi cha kumkosesha mtu maji.) Wanahisabati huandika dv/dt = g, ambapo v ni mwendokasi, t ni muda, na g ni hiyo 9.8. Tukijumlisha maongezeko hayo tunapata v = gt, kwa kuwa jiwe lilianza likiwa limetulia. Lingerushwa kwa nguvu, mwendo ule wa mwanzo ungeongezwa. Tukijumlisha mara ya pili tunapata umbali: s = ½gt². Galileo alichapisha kanuni hii ya umbali kukua kwa mraba wa muda mwaka 1638, kabla ya Newton.

Sasa mtu anataka kununua kamba ya kisima. Aachie kijiwe kilichooshwa, kwa ruhusa ya mwenye kisima, tena ahakikishe hakuna mchimbaji ndani! Akisikia kikigonga maji baada ya sekunde 1.5, maji yako mita 11 chini. Ikiwa ni sekunde 2, ni mita 19.6. Nusu sekunde tu, na kamba imepishana kwa zaidi ya mita 8, na kamba hainunuliwi bure. Kwa hiyo tumieni saa ya simu, na mrudie mara tatu au nne. Sauti nayo huchukua muda kupanda, ila kwa mita 20 ni kama sekunde 0.06, tunaiacha.

Ama kuhusu mvua, hapo kanuni yetu inagoma. Tone likianguka kutoka wingu lililo mita 2,000 juu, kwa hesabu ya kisima lingetufikia kwa kilomita 713 kwa saa. Nani angetoka nje? Ukweli ni kwamba tone kubwa hufika kwa mita 9 hivi kwa sekunde, sawa na kilomita 32 kwa saa, mwendo wa baiskeli kwenye mteremko. Kilichosahaulika ni hewa. Hewa hulisukuma tone kwenda juu, na msukumo huo hukua kwa mraba wa mwendo. Basi mlinganyo unakuwa dv/dt = g − kv². Tazameni upande wa kulia: v inapokua, kinachobaki kinapungua, mpaka kinakuwa sifuri. Kuanzia hapo tone linaendelea kushuka ila haliongezi mwendo. Ukiutatua mlinganyo huu utaona kuwa ndani ya sekunde 2 tu tone hilo limeshafikia zaidi ya asilimia 95 ya mwendo wake wa mwisho.

Wakulima wa pamba wanaliona jambo hili upande wake mchungu, nao ni mvua ya mawe. Punje ya barafu yenye upana mara 4 ya nyingine ina uzito mara 64, lakini hewa inayoizuia inakutana na eneo mara 16 tu. Matokeo yake inashuka kwa mwendo mara 2, na nishati ya kugonga kwake inakuwa mara 256. Ndiyo maana mawe madogo hutoboa majani tu, na makubwa huangusha vitumba.

Iko milinganyo ya mvutano isiyotatulika kwa kalamu namna hii. Mwezi unavutwa na dunia na jua kwa pamoja, na hapo kompyuta huenda hatua kwa hatua, kipande kidogo cha muda baada ya kingine. Kupatwa kwa jua kwa tarehe 1 Septemba 2016, watu walikokwenda kukutazama Rujewa, mkoani Mbeya, kulijulikana miaka mingi kabla kwa hesabu za aina hiyo.

Zoezi: kijiwe kimesikika baada ya sekunde 1.2. Je, kamba ya mita 8 itafika majini? Na ingekuwa sekunde 1.4? Majibu yaletwe kwetu Jumamosi, pamoja na njia.